Ngozi ya Gaju

Siku ya kumi na moja Ruqayah alishindwa kuvumilia. Alifunga bucha saa nne asubuhi, saa ambayo wenye bucha wenzake ndiyo kwanza wameshika visu, akamwambia kaka yake Ridhiwan kwamba anakwenda kwa fundi cherehani, akajitanda mtandio wake wa kijani na kupanda gari la kwenda Isingiro. Ridhiwan hakuuliza ni fundi gani huyo wa Isingiro. Alimtazama dada yake alivyokonda, akajua.

Siku kumi na moja bila ujumbe! Na huyu ni Musoni yule yule ambaye zamani akinywa chai alikuwa anamwandikia kwamba anakunywa chai. Sasa simu inaita mpaka inajikatia yenyewe. Mapenzi bwana, yakikununia unatamani afadhali ungetukanwa.

Njia nzima kutoka Mbarara alikuwa na neno moja tu moyoni, na neno lenyewe lilikuwa zito kuliko mtoto wa kubeba. Akilisema, atampoteza Musoni. Asipolisema, huenda akampata. Tangu utotoni hakuwahi kuwa mwongo, lakini hakuna aliyewahi kumtaka aseme ukweli kwa bei ya namna hiyo.

Walikutana miaka miwili nyuma, na kilichowakutanisha ni mfupa. Ndiyo, mfupa. Ruqayah alikuwa amekaa kwenye bucha ya baba yake, Hajji Muzafaru, pale Mbarara, akaingia kijana mrefu, mwembamba, ana daftari kwapani. Akaomba mguu wa ng'ombe usio na nyama.

"Usio na nyama?" Ruqayah alicheka. "Banange! Watu wanakuja hapa kutafuta nyama isiyo na mfupa."

"Minataka kuona vile mufupa inashikana na mwenzake, dada."

Hajji Muzafaru alisema apewe, huyo ni mpika supu. Wiki iliyofuata akaja kutafuta bega. Iliyofuata akataka kichwa. Hapo Ruqayah akamkalisha kwenye kigoda na kumwambia hatoki mpaka aseme anawafanyia nini ng'ombe wa watu. Ndipo Musoni akatoa simu akamwonyesha picha za mifupa ya ajabu, mataya marefu, mbavu za kutosha kuezekea nyumba. Kulikuwa na watu wa mbali wanaotengeneza vitabu vya watoto kuhusu wanyama waliotoweka duniani kabla mtu hajaumbwa. Walikuwa wanamtumia mifupa kwenye simu, naye anaivisha misuli, halafu ngozi, halafu macho. Ili ajue msuli unashika wapi, alikuwa anakwenda kwa ng'ombe kuuliza.

"Na rangi je? Rangi zao umezijuaje?"

"Mingi yao, hakuna mutu anajua. Mufupa haisemi rangi. Banasema hapo ni fasi yako, tia ile unaona inafaa."

"Kwa hiyo unadanganya watoto wa watu."

"Minabahatisha, dada. Kubahatisha na kudanganya ni vitu viwili. Mwenye kubahatisha anatafuta kweli."

Akamwonyesha picha zenyewe. Ruqayah, mtoto wa bucha, hakuhitaji kuambiwa. Lile dude lenye shingo ndefu lilikuwa na ngozi ya ng'ombe mwenye mabaka meusi. Lile lenye pembe tatu lilikuwa jeupe, masikio mekundu. Polepole Musoni akaeleza. Baba yake, mzee Léopold, alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili kule milimani Kivu ya Kusini. Wote waliuawa asubuhi moja, na mzee naye, na ndugu za Musoni. Hakuna picha hata moja iliyobaki. Musoni alikuwa na miaka kumi na moja, lakini kila ngozi aliikumbuka. Basi tangu hapo, kila mnyama wa kale aliyepita mkononi mwake alivikwa ng'ombe mmoja wa baba yake, na watoto wa mbali walikuwa wanafunua vitabu vyao bila kujua wanatazama zizi la Léopold.

Sasa wewe niambie, nani asingempenda mtu huyo? Ruqayah alipenda hapo hapo, mikono ikiwa na mafuta ya nyama. Baadaye, walipokwisha kuzoeana, akawa anamsumbua: "Na mimi nichore basi." Kila mara Musoni alikuwa anakataa, anacheka: "Hapana, Ruqa. Mimi nachora bale hawako tena. Wewe uko."

Mwaka mzima wazee walivutana juu ya dini. Hajji Muzafaru alisema binti yake haolewi nje ya Uislamu, na muoaji atafute kazi isiyo ya kuchora viumbe. Mama yake Musoni, Miriamu, mwimba kwaya wa kanisa lao pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huko Isingiro, alisema heri mwanawe akae bila mke. Mwishowe Musoni akatamka shahada. Miriamu akalia siku tatu, ya nne akapiga magoti, akainuka na kusema yaliyobaki anamwachia Mungu. Hajji naye akalegea kuhusu picha, akasema madude yenyewe hayana wenyewe wa kulalamika. Kila mtu akadhani mlima umekwisha. Kumbe walikuwa wamepanda kichuguu.

Mahari ilikuwa ng'ombe mmoja. Mmoja tu, na ndiye pekee waliyekuwa naye. Musoni alimnunua huko Rugaaga kwa malipo ya picha zake za kwanza, na Miriamu ndiye aliyemchagua katika kundi zima, kwa sababu alikuwa na ile rangi yao wanayoiita gaju, wekundu wa udongo wa njiani, na baka jeupe ubavuni mfano wa kiganja cha mtu. Mzee Léopold alikuwa na mmoja kama huyo. Miriamu akamwita Gaju, akamlea, akamwimbia. Siku ya kumpeleka Mbarara alimpaka samli kwenye pembe.

Sasa kwa watu wa Miriamu, ng'ombe wa mahari hachinjwi. Anakaa kwa wazazi wa mke, anazaa, na ndama wake anarudishwa kwa wale waliooana waanzie maisha. Hakuna aliyelisema hilo. Nani anamwambia mwenyeji asichome nyumba yake moto? Na nyumbani kwa Hajji Muzafaru heshima ya mgeni ni nyama, na tena mahari ni mali ya bibi harusi, si ya baba. Ndiyo sababu Alhamisi ile, wenye ng'ombe wakiwa wamekwisha kurudi zao, Hajji alimwita binti yake uani.

"Huyu ni wako, Ruqayah. Wakwe wanakuja Jumapili. Ninunue ng'ombe mwingine kwa karamu, au unasemaje?"

Ruqayah alimtazama Gaju, mnene, mzuri, anang'aa. Akawaza watu wa Nakivale wanaokula mahindi na maharage mwezi hadi mwezi. Akawaza: nitawapa kitu bora kuliko vyote nilivyo navyo. Akasema, tena kwa furaha, "Achinjwe, baba. Wageni wangu wale washibe."

Hilo ndilo neno alilokuwa amelibeba.

Jumapili walikula. Miriamu alisifu pilau, akaongezwa nyama, akashukuru. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Ngozi ilikuwa imetandazwa juani, imekazwa kwa vigingi, na kile kiganja cheupe kinatazama juu. Mayowe ya Miriamu, Ruqayah anayasikia hata sasa akifumba macho.

*

Alimkuta Miriamu mlangoni, ameketi kwenye mkeka, mikono mapajani. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kukaa bila kazi. Ruqayah alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Yambo, mwana wangu. Ingia ndani. Jua ni kali."

Mwana wangu! Akaingia. Musoni alikuwa amesimama karibu na dirisha, ndevu hazijanyolewa, shati linaning'inia mabegani. Walitazamana. Yale macho yaliyokuwa yanamcheka toka mlangoni mwa bucha yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa bado yanampenda, hilo aliliona waziwazi.

"Hupokei simu," alisema.

"Nilikosa cha kusema, Ruqa."

"Ungesema hata hicho."

"Kaeni," Miriamu alisema. "Mimi ndiye niko na cha kusema."

Wakakaa. Miriamu akatoa chombo cha mti chenye kifuniko cha ukindu, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Kilikuwa na maziwa. Ruqayah alijua zizi la nyuma ni tupu.

"Ni ya Goretti, jirani," Miriamu alisema, kama aliyemsoma. "Nimeyaomba. Sikiliza, mwana. Siku ile nilisema kama nitakuona tena, nitakufukuza na fimbo. Nilikula, unaelewa? Nilikula Gaju. Nilisema hii nyama ni nzuri, niongezeeni. Nilisema asante." Sauti yake haikutetemeka. Ingetetemeka ingekuwa nafuu. "Kule kwetu batu ba bunduki balikula ngombe zetu, lakini habakutualika kwa meza."

"Mama, nisamehe…"

"Ngoja. Nimeomba Mungu siku kumi. Huyu mutoto wangu halali, hakuli, hachori. Nilizaa saba, nimebaki na yeye. Na Mungu ameniambia: Miriamu, ule binti hakuchinja. Baba yake ndiye alichinja. Baba yake ndiye alitudharau, alituona batu ba bure."

Ruqayah akafungua mdomo. Musoni akamtazama haraka, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwomba mwenzake asikohoe mtoto amelala.

"Basi nimekubali," Miriamu akaendelea. "Utakuja hapa. Utakuwa binti wangu, mimi sina mwingine. Sitakuuliza dini yako. Kitu kimoja tu: kwa mulango wa baba yako hautarudia. Hata akigonjwa. Hata akikufa. Sema kwangu haukujua kitu, kunywa haya maziwa, na hii neno ikwishe leo."

Nje kuku alikuwa anaparua majivu.

"Sema, Ruqa," Musoni alinong'ona. "Sema tu haukujua. Mimi minajua haukujua."

Ee Mola! Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Neno moja, tena halikuwa mbali sana na ukweli, kwa maana kweli hakujua mila yao. Angeweza kulisema na ulimi usiungue. Angelala usiku huo akiwa mchumba wa mtu. Na Hajji Muzafaru, aliyemuuliza kwa heshima ng'ombe wako tumfanyeje, angezeeka akijiuliza ni kosa gani alilomkosea binti yake. Hajji ambaye tangu siku ile ameomba msamaha kwa kila mtu aliyetoka Nakivale kuja kununua nyama, na hakumtaja binti yake kwa yeyote hata mara moja.

"Mupatie zawadi yake kwanza," Miriamu alimwambia mwanawe. "Aone vile ulikuwa unamungojea."

Musoni akasita, halafu akavuta kitenge kilichokuwa kimefunika kitu kikubwa ukutani. Ilikuwa picha, ndefu kuliko mlango. Mnyama wa kale, mkubwa, mpole, shingo imepinda kuelekea chini. Ngozi yake ilikuwa nyekundu ya udongo wa njiani, na ubavuni ana kiganja cheupe. Alikuwa anamlamba mtoto wake. Mtoto alikuwa amesimama kwa miguu iliyotanuka, ya kiumbe aliyezaliwa saa ile, na ubavuni naye ana kiganja, kidogo, kama cha mtoto mchanga.

"Nilianza mbele ya karamu kufika," Musoni alisema. "Mama alikuwa amenambia Gaju iko na mimba. Ya miezi ine. Tulitaka kukwambia siku ya ndoa, kwamba ndama ni yetu. Kwa hii picha nimetia na yeye."

Ruqayah alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ijumaa ile asubuhi Ridhiwan alitoka machinjioni na ndoo iliyofunikwa kwa gunia, uso umemparama, akaifukia ndoo nzima chini ya mgomba. Ruqayah alikuwa amechungulia. Kilichokuwamo kilikuwa hakijaota manyoya. Tangu siku ile alijiambia wenye ng'ombe hawakujua, hivyo hakuna haja ya kuwaumiza. Kumbe walijua, na walikwisha kumpaka rangi.

"Kunywa, mwana," Miriamu alisema, akamsogezea chombo.

Ruqayah alikipokea kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa bado ya vuguvugu. Akakiinua mpaka kidevuni, akasikia harufu ya moshi wa kile chombo, akaona macho ya Musoni yanafuata mkono wake, yanaomba, yanaomba. Akakirudisha chini.

"Mama, baba aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Kwetu mahari ni ya msichana mwenyewe. Baba aliniuliza anunue ng'ombe mwingine, au achinjwe huyu. Alikuwa tayari kununua. Mimi ndiye niliyesema achinjwe."

"Ruqa, nyamaza," Musoni alisema.

"Nilisema wageni wangu wale washibe. Nilicheka, mama. Nilikuwa na furaha. Niliona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Hakuna aliyewadharau. Mimi nilikupenda, nikakulisha." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Kama kuna mlango wa kufungwa, ni wangu. Wa baba uacheni."

Miriamu hakupiga kelele. Ruqayah alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa fimbo, hata kwa laana. Mama yule alinyoosha mkono, akachukua kifuniko cha ukindu, akakifunika chombo taratibu, akakibana mpaka kikakaa sawa. Kisha akainuka, akaiendea ile picha, na kwa nguvu ambazo usingedhani anazo akaigeuza uso ukutani.

"Musoni," alisema, mgongo ukiwa kwao. "Rudisha maziwa kwa Goretti. Mwambie hayakutumika."

"Mama…"

"Mimi sitakukataza kitu. Wewe ni mwanaume. Lakini huyu binti, kila siku nitamuangalia, nitasikia ile nyama kwa mudomo. Nimesamehe mingi katika hii maisha. Hii sina fasi ya kuitia."

Akaingia chumbani, akavuta pazia. Baada ya muda wakasikia anaimba, sauti ya chini, wimbo ambao Ruqayah hakuujua maneno yake. Musoni aliujua. Ulikuwa wa kumwita ng'ombe arudi nyumbani.

*

Mgeni husindikizwa, hata mgeni wa namna hiyo. Walitembea mpaka barabarani bila kushikana mikono, yeye upande huu wa njia na Musoni upande ule.

"Kwa nini haukunyamaza?" Musoni alisema mwishowe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua kilichomuua ndugu yake. "Ningeishi na wewe miaka yote, nisijue."

"Wewe ungekuwa unabahatisha, mimi nikidanganya. Wewe mwenyewe uliniambia ni vitu viwili."

Musoni alicheka kidogo. Akafunika macho kwa kiganja.

"Ruqa, tumebaki wawili. Kwa nyumba ya batu tisa."

"Najua."

"Siwezi kumuacha."

"Nimekwambia umwache?" Alitaka kusema mengine, kwamba atamngoja, kwamba mama wa watu hulegea, kwamba mwaka jana walidhani dini ndiyo mwisho na haikuwa mwisho. Lakini alikuwa ameuona ule mkono ukikibana kifuniko, na maji yakimwagika hayazoleki. Akasema tu, "Ule chakula. Umekuwa ufito."

Gari lilionekana mbali, linapandisha vumbi. Ruqayah akaanza kutafuta nauli kwenye mkoba.

"Ruqa. Simama kidogo. Hapo hapo."

Akainua uso. Musoni alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, ametulia kabisa, anamtazama. Hakuwa anamtazama kama siku zote. Alikuwa anapita polepole, paji la uso, mfupa wa shavu, taya, shingo inavyoingia begani, vile vile alivyokuwa anaigeuza mifupa juu ya meza ya bucha, akiogopa kusahau inavyoshikana.

"Unatazama nini?"

"Minashika," alisema. "Nataka nikuchore."

Miaka miwili alikuwa amemwomba hilo, kwa kudeka, kwa kununa, kwa kumnyima chai. Leo alipewa bila kuomba, na akaelewa maana yake yote. Hakulia. Alijipangusa uso, akaurekebisha mtandio vizuri kichwani, akasimama wima juani ili mtu aone.

"Mtandio ni wa kijani, Musoni," alisema. "Usije ukabahatisha."